Siku Kumi na Tisa za Mama

Balykchy, 31 Agosti 1998

Kwa Mkurugenzi E. S. Alymov,
Kiwanda cha Maziwa Ak-Bulak.

Ndugu Erkin Sabyrovich,

Mimi, Anarkul Beyshenova, mfanyakazi wa chumba cha jibini kwa mwaka wa kumi na nne sasa, naomba kwa unyenyekevu nipewe siku kumi kati ya siku kumi na tisa za likizo zilizonibakia mwaka huu, kuanzia tarehe 9 hadi 18 Oktoba.

Sababu ni khitma ya mwaka ya marehemu mume wangu, Toktosun Beyshenov, aliyekuwa dereva wa lori la maziwa la kiwanda hiki hiki. Khitma itasomwa Jumamosi, tarehe 17 Oktoba, kijijini kwao Kara-Oy, ng'ambo ya mlima wa Dolon. Siku hiyo ndipo ndugu wa mume humvua mjane nguo nyeusi na kumvisha nyeupe. Jambo hilo halifanyiki mjane mwenyewe asipokuwapo.

Naomba usinikatalie.

Kwa heshima,
A. Beyshenova

*

Ak-Bulak, 3 Septemba

Kwa Beyshenova, chumba cha jibini.

Ombi limekataliwa. Oktoba ni mwezi wa mzigo wa Almaty. Jibini haina msiba.

Siku nyingine andika kwa kifupi. Sihitaji kufundishwa mila. Mimi pia nimezaliwa nchi hii hii.

E. S. Alymov

*

Balykchy, 5 Septemba

Shangazi Sonun, shikamoo.

Barua hii naituma kwa mkono wa dereva Ishen, maana nasikia waya za simu za kwenu zimeibwa tena na safari hii wameng'oa hata nguzo.

Sisi hatujambo. Upepo tu. Umeezua bati la jirani na kulitua kwenye kitalu chetu cha kabichi, na jirani anadai sisi ndio tuliochelewa kulirudisha.

Uliuliza kama Mama ameshaomba ruhusa. Ameomba. Yaani nimeomba mimi, kwa jina lake. Mama alisoma Kikirgizi tu, na mkurugenzi anataka kila karatasi iwe ya Kirusi, ingawa ni Mkirgizi mwenzetu na bibi yake hakujua Kirusi hata cha kuombea maji. Mimi shuleni nasoma kwa Kirusi, nyumbani Kikirgizi, kwa hiyo kalamu imeniangukia mimi. Ana kwa ana siwezi kumwambia mtu hata "karibu", unanijua. Kwenye karatasi naweza kidogo.

Mkurugenzi bado hajajibu. Ana kazi nyingi.

Binti yako,
Kunduz

*

Kara-Oy, 11 Septemba

Kunduz, mwanangu,

Ana kazi nyingi! Ana kazi gani zaidi ya kuuza maziwa ambayo ng'ombe wameshayafanya wenyewe?

Nisikilize. Mume wangu Dooron amempata farasi jike wa kuchinja kwa khitma, mnene, mgongo wake unaweza kutandikiwa chakula. Mwenye farasi anataka jibu. Wazee wanataka tarehe waanze kualika. Sitaki kusikia "bado". Kaka yangu amelala udongoni mwaka mzima na mkewe anatembea na weusi mwilini kama kunguru, na mimi niambiwe kuna bwana mmoja anafikiria?

Au mama yako ana mguu wa mjini siku hizi? Kama haji, semeni tu. Tutalivisha gogo nguo nyeupe, tulikalishe mlangoni mwa hema, wageni walipe pole. Gogo letu litakuja kwa wakati.

Shangazi yako,
Sonun

*

Balykchy, 14 Septemba

Ndugu Erkin Sabyrovich,

Kuhusu ombi langu la tarehe 31 Agosti. Naelewa uzito wa mzigo wa Almaty. Kwa hiyo sasa naomba siku nne tu, kuanzia Alhamisi tarehe 15 hadi Jumapili tarehe 18 Oktoba. Nimekubaliana na wenzangu wawili watakaonishikia zamu. Nguo nyeupe nitakayovishwa siku hiyo ndiyo mwisho wa matanga yangu.

A. Beyshenova

*

Ak-Bulak, 16 Septemba

Kwa Beyshenova.

Limekataliwa.

Kuhusu nguo: kiwanda kinakupa koti jeupe, kofia nyeupe na mabuti meupe, na unavivaa siku sita kwa wiki. Unataka weupe gani zaidi? Jihesabu umeshavishwa.

E. S. Alymov

*

Balykchy, 18 Septemba

Shangazi, shikamoo.

Ruhusa imetoka.

Siku nne. Waambieni wazee waalike.

Naandika kwa haraka, Ishen anapiga honi chini.

Kunduz

*

Kara-Oy, 25 Septemba

Unaona? Mtu akisukumwa anasogea.

Farasi yuko zizini kwetu. Wazee wameshapita vijiji vitano, watu mia mbili wamealikwa, mahema sita tumeazima. Tarehe sasa haitikisiki, hata mimi nikifa. Nikifa mtanisomea pamoja, mtapunguza gharama. Mwambie mama yako nguo nimeishona mwenyewe, asiniletee ya dukani.

Na nisamehe kwa lile gogo.

Sonun

*

Balykchy, 28 Septemba

Ndugu Erkin Sabyrovich,

Naandika mara ya tatu. Nimesoma sheria ya kazi katika maktaba ya mji. Likizo ya mwaka ni haki ya mfanyakazi na si zawadi ya mkurugenzi.

Marehemu mume wangu aliendesha lori lako miaka kumi na moja. Kila alipoomba likizo aliambiwa baada ya msimu, na kila msimu ulikuwa na msimu mwingine nyuma yake. Alikufa akiwa na siku arobaini na mbili ambazo hakuzitumia. Moyo ulipomkamata barabarani aliliegesha lori pembeni kwanza, ndipo akalala juu ya usukani. Mazikoni ulisimama mbele ya watu ukamsifu kwamba hakumwaga hata lita moja.

Mimi naomba siku nne. Za mwenzangu, arobaini na mbili, umeshakaa nazo.

A. Beyshenova

*

Ak-Bulak, 30 Septemba

Kwa Beyshenova.

Nimeyalaza maombi yako matatu mezani, nikachukua na kitabu cha zamu ambacho unakijaza kwa mkono wako. Mwandiko wa kitabuni ni wa kuku aliyekanyaga matope. Mwandiko wa maombi ni wa mwanafunzi wa darasa la kumi anayependa sana alama za mkato.

Kanuni ya kiwanda: ombi la likizo liandikwe na mfanyakazi kwa mkono wake. Kwa hiyo hujawahi kuomba chochote. Maombi yote matatu hayapo.

Huyo mwenye mwandiko mzuri mwambie akimaliza shule aje. Nahitaji karani. Nitamfundisha pia maana ya likizo.

E. S. Alymov

*

Balykchy, 2 Oktoba

Shangazi Sonun,

Hii barua nimeichana mara nne. Usiisome mbele ya watu, tafadhali.

Ruhusa haikutoka. Haikutoka kamwe. Amekataa mara tatu, na nilipokuambia hajajibu alikuwa ameshakataa. Uliposema habari ya gogo nilishikwa na haya, nikaona mkimcheka Mama huko wote, nikaandika kwamba ametoa siku nne. Nilifikiri nikiomba vizuri zaidi atatoa kweli, na uongo utageuka ukweli kabla haujafika kwenu. Sasa mmealika watu mia mbili.

Na Mama nilimdanganya pia. Majibu yalikuja kwa Kirusi, nikawa namsomea kwa Kikirgizi changu. Pale alipoandika "jibini haina msiba" nilimsomea "mkurugenzi anakupa pole, anaomba uvumilie". Ile ya pili, ambayo nashindwa hata kuinakili hapa, nilimsomea kwamba anamtakia afya. Mama alikuwa anasema, "Si mtu mbaya, ana shida zake tu." Nami naitikia.

Jana mkurugenzi akamwita Mama ofisini, akamwuliza mbele ya mhasibu na mlinzi: "Anarkul, kwani wewe hujui kuandika?" Halafu akamtupia zile karatasi zote, maombi yangu na nakala za majibu yake.

Mama alirudi nyumbani, akavua mabuti, akaziweka karatasi mezani. Akasema, "Nisomee tena. Safari hii kama zilivyo."

Nikasoma. Shangazi, sijawahi kusikia sauti yangu ikiwa mbaya vile. Nilipofika pale kwenye koti jeupe na mabuti nilitaka kuruka, akasema, "Hapo umeruka. Rudi." Nikarudi.

Nilipomaliza alizikunja zile karatasi moja moja. Kisha akasema, "Ana Kirusi kizuri," akaenda kukoroga unga.

Hajanigombeza. Ni afadhali angenigombeza. Usiku sikulala, nilikuwa natunga majibu ya kumpelekea yule mtu, maneno ambayo sikujua kama ninayo. Namdharau, Shangazi. Nadharau saini yake, ule mkia anaouvuta chini ya jina kama mtu anayefuta viatu. Shuleni tunafundishwa kwamba kudharau ni ubaya. Mimi naona kunanipa joto.

Nisamehe. Sijui tufanye nini. Akiondoka bila ruhusa atafukuzwa, na kazi nyingine mji huu hakuna.

Kunduz

*

Kara-Oy, 6 Oktoba

Kunduz,

Nimesoma peke yangu, zizini. Farasi tu ndiye aliyeniona.

Kwanza, kuhusu uongo wako. Ukija nitakuvuta masikio yote mawili, kisha yatakuwa yamekwisha. Mimi ndiye niliyetaja gogo. Sikio moja ni la kwangu.

Pili. Hivi wewe ulimwomba? Unamwomba mtu ruhusa ya khitma? Nani alikufundisha hivyo, hao Warusi wa shuleni? Khitma haiombewi ruhusa, mtoto. Khitma hupelekewa mwaliko. Ukimwomba umempa mlango aufunge. Ukimwalika, yeye ndiye anayesimama mlangoni na watu wanamtazama ataingia au ataaibika. Umekosea kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe, halafu analia kwamba hakufunguliwa.

Eti Alymov. Nimeuliza. Mjukuu wa Alym Kiwete wa bonde la juu! Babu yake alikuwa anakuja kwetu kuazima tandiko, analirudisha likiwa na chawa. Na mama yake yu hai, Bibi Batma, anakaa hapo hapo Balykchy nyuma ya stesheni. Bibi Batma alicheza harusi yangu. Kwa nini hukusema?

Mume wangu anakuja na Ishen Alhamisi. Atavaa kofia nyeupe, atasimama kwenye mlango wa Bibi Batma, atamwita yeye na mwanawe kwenye khitma ya Toktosun kwa jina la wazee wote wa Kara-Oy. Hatakwenda kiwandani. Kiwandani kuna wafanyakazi. Sisi tunaalika watu.

Wewe nyamaza tu. Hilo unaliweza.

Sonun

*

Ak-Bulak, 13 Oktoba

Kwa Beyshenova.

Kwa sababu za kifamilia zisizohusiana na maombi yako, Ijumaa tarehe 16 nitasafiri na mama yangu kwenda Kara-Oy. Mama yangu amesema kwamba viti vya nyuma vya gari viko wazi, na ameshaamua nani atavikalia. Muwe kando ya mnara wa maji saa moja asubuhi.

Hii si likizo. Jumatatu saa mbili uwe kazini.

E. S. Alymov

*

Kara-Oy, 18 Oktoba

Kwa Erkin Alymov, mkuu wa kiwanda.

Mkono huu ni wangu. Kikirgizi hiki unakijua, ni cha mama yako.

Nina siku kumi na tisa. Nazichukua zote, kuanzia kesho. Nitarudi tarehe 7 Novemba. Nakujulisha.

Anarkul

*

Balykchy, 20 Oktoba

Mama na Shangazi, shikamooni.

Nimefika salama. Nawaandikia ya njiani, maana najua Shangazi atataka kila neno.

Tulipoondoka kwenu, Bibi Batma alikaa mbele, mimi nyuma peke yangu na ule mfuko wa maandazi. Mkurugenzi aliendesha moja kwa moja mpaka juu ya mlima. Pale juu alisimamisha gari kwa sababu ya theluji, akafuta kioo, akanitazama kupitia kile kioo kidogo.

"Ndiwe mwandishi?"

Nikafunga mdomo wa mfuko.

"Nakuuliza wewe. Zile alama za mkato."

Bibi Batma akasema, "Muache mtoto."

"Mama, aliniandikia kwamba nimekaa na siku za marehemu! Mimi, nimekaa nazo!"

"Na hukukaa nazo?"

Wipa tu zinakwenda. Halafu Bibi akageuka nyuma akaniuliza, "Arobaini na ngapi?"

Nikasema, "Na mbili, Bibi." Hayo ndiyo maneno yangu pekee safari nzima. Lakini yalitoka.

Bibi akarudia polepole, "Na mbili," akatazama theluji, na hakuongea tena na mwanawe mpaka Balykchy. Saa tatu nzima, Shangazi. Mimi nilikuwa nakula maandazi.

Tulipofika kwenye mnara wa maji nilimpa mkurugenzi karatasi ya Mama. Alidhani ni shukrani. Aliisoma pale pale amesimama kwenye upepo, akaigeuza nyuma kuona kama kuna zaidi.

Ile nguo nyeupe imenibaki machoni. Shangazi ulipomvua Mama kile kitambaa cheusi na nywele zake zikaonekana, sikujua zimeshaanza kuwa na mvi. Mwaka mzima tunalala chumba kimoja na sikujua. Nililia nikaona haya, nikajifanya nachochea moto.

Kunduz

*

Kara-Oy, 23 Oktoba

Kunduz,

Ulikuwa kwenye hema la wanawake, kwa hiyo hukuona la maana. Nakueleza.

Unajua kila mfupa wa farasi wa khitma una mwenyewe. Kichwa cha mzee, nyonga ya wakubwa, paja la wanaume wa heshima, na kushuka chini mpaka kwa watoto. Mume wangu ndiye aliyegawa nyama. Mimi ndiye niliyesimama nyuma ya pazia nikimnong'oneza.

Mkurugenzi wako alikaa juu, karibu na wazee, amekunja mguu, amevaa tai. Tai kwenye khitma! Alikuwa anasubiri paja. Dooron akampitia, akampa dereva Ishen paja. Ishen, anayenuka petroli! Mkurugenzi akakunjua mguu. Sahani ikaja kwake: pingili ya uti wa mgongo. Ndogo. Ile tunayowapa wakazamwana wa mwaka wa kwanza, wakae jikoni waitafune.

Hema zima liliona. Hakuna aliyecheka. Kucheka kungemsaidia.

Aliitazama ile pingili kama ni barua ya Kirusi. Akamtazama mama yake, aliyekalishwa na wazee upande wa pili. Bibi Batma akasema wazi, wazee wote wakasikia: "Kula, mwanangu. Umepewa kiasi chako."

Akala. Angefanyaje? Ukiacha nyama ya khitma umemtukana marehemu. Aliitafuna mpaka ikawa nyeupe, akanyanyua mikono, akamwombea dua kaka yangu. Sauti ilikuwa ndogo. Dua nimeipokea, mwombaji nimemwacha.

Mama yako hajui kwamba mfupa ule ulikusudiwa. Anadhani ilikuwa bahati mbaya. Usimwambie, ataniona nina roho mbaya. Ninayo.

Sonun

*

Ak-Bulak, 27 Oktoba

Kwa Anarkul Beyshenova, nyumbani.

Wanunuzi wa Almaty wanakuja tarehe 31. Magurudumu sitini ya jibini yamelala ghalani chini na hakuna mtu anayeweza kusema yapi yameiva. Wenzako wawili wanayagonga kwa vidole na kila mmoja anasikia jambo tofauti. Mimi mwenyewe nimegonga.

Nakuomba ukatize likizo yako urudi kabla ya tarehe 30. Siku zitakazobaki utazichukua baadaye, baada ya msimu. Gari nitaleta mimi.

Tafadhali jibu upesi. Kwa lugha yoyote.

Erkin Alymov

*

Balykchy, 28 Oktoba

Mama, shikamoo.

Barua ya mkurugenzi naiweka humu ndani, nzima, na chini yake nimekuandikia kwa Kikirgizi neno kwa neno. Sikuruka hata moja.

Alipoandika "baada ya msimu" kalamu yangu ilichemka. Nimeshatunga jibu, Mama. Kurasa mbili. Ni zuri mno. Kuna mahali nimemfananisha na chombo fulani cha jikoni ambacho sikitaji hapa. Alikuja pia mlangoni jana jioni, akagonga, nikakaa kimya nyuma ya mlango nikimsikiliza anavyopumua. Ilikuwa tamu, na sijui kama nione haya.

Niambie nilitume? Ishen anarudi Jumamosi. Au wewe unarudi? Ukirudi nitaelewa. Kazi ni kazi.

Kunduz

*

Kara-Oy, 30 Oktoba

Kunduz wangu,

Nimesoma ya kwako kwanza, kisha ya kwake.

Leo ni siku yangu ya kumi na mbili. Nimelala mchana. Sijalala mchana tangu nikuzae. Asubuhi nilipanda kaburini kwa baba yako na chupa ya chai, nikakaa mpaka jua likageuka, na hapakuwa na mtu wa kuniambia saa. Nilimsimulia mambo yote ya mwaka huu. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani, kwa hiyo kesho nitapanda tena.

Zile kurasa mbili zitie motoni. Si kwamba hazifai, najua unavyoandika. Ila mtu huyu ameshaandikiwa sana. Wewe ni mtoto, soma vitabu vyako.

Usimjibu. Akija tena mlangoni mfungulie, mkaribishe chai, kuna baridi. Akiuliza mama yuko wapi, mwambie kwa sauti, asikie: yuko likizo.

Mama yako,
Anarkul